RAM imepanda bei: Kabla ya kulipia kasi, jua kama tarakilishi yako itaitumia

UKIINGIA katika duka la vifaa vya tarakilishi pale Luthuli Avenue, Nairobi, ukaulizia RAM ya 16GB, jiandae. Bei utakayotajiwa huenda ikakufanya uulize mara ya pili ukidhani hukusikia vizuri. Kijana aliyekuwa ameweka akiba ya kununua vijiti viwili anajikuta anaweza kununua kimoja tu, na bado anabaki na deni la nauli.

Hili si jambo dogo. Kuna vijana wengi nchini ambao tarakilishi ndiyo shamba lao. Kuna anayehariri video za harusi, anayechora mabango ya matangazo, anayefanya kazi za mtandaoni usiku kucha kwa ajili ya mteja aliye Marekani, na kuna yule anayetengeneza muziki katika chumba kimoja mtaani Umoja. Hawa wote wanahitaji kumbukumbu ya kutosha. Tena wapo wachezaji wa gemu ambao wanataka mashine iende kasi zaidi ya ilivyotoka kiwandani, jambo ambalo mafundi huita ovakloki.

Swali basi ni hili: Bei ikiwa hivi, kijana mwenye pesa kidogo anunue RAM gani, na je, ovakloki itamsaidia kufidia kile ambacho mfuko umekataa?

Nani alaumiwe?

Lawama ya kwanza humwangukia mwenye duka. Ya pili huiendea serikali na ushuru wake. Lakini ukichunguza vizuri utaona kwamba safari hii wote wawili wanaonewa kidogo.

Shilingi ya Kenya imekuwa ikibadilishwa kwa takriban 129 kwa dola tangu katikati ya mwaka wa 2024, baada ya kufika karibu 160 mapema mwaka huo. Kwa hivyo si dola iliyopanda. VAT ya asilimia 16 nayo ilikuwepo hata wakati RAM ilikuwa rahisi. Kilichobadilika kiko mbali na Nairobi.

Sehemu kubwa ya chipu za kumbukumbu duniani hutengenezwa na kampuni tatu pekee: Samsung na SK Hynix za Korea Kusini, na Micron ya Marekani. Mwaka wa 2023 biashara yao ilikuwa mbaya. Bidhaa zilijaa, bei zikaanguka, na kampuni hizo zikapunguza uzalishaji. Sisi wanunuzi tulifurahia bila kujua kwamba mavuno hayo hayangerudi upesi.

Kisha akili unde ikaja na njaa yake. Tangu ChatGPT ilipozinduliwa Novemba 2022, kampuni kubwa zimekuwa zikishindana kujenga vituo vya data. Mashine za vituo hivyo hutumia kumbukumbu ya aina ya HBM, ambayo hupangwa chipu juu ya chipu kama chapati kwenye sahani. Micron yenyewe imewahi kueleza kuwa kutengeneza HBM hula takriban mara tatu ya silikoni inayohitajika kutengeneza DDR5 ya ukubwa uleule. Kila kisahani cha silikoni kinachoelekezwa huko ni kisahani ambacho hakitakuwa RAM ya tarakilishi yako.

Oktoba 2025, OpenAI ilitangaza makubaliano ya awali na Samsung pamoja na SK Hynix kuhusu mradi wake wa Stargate. Kiwango kilichotajwa kilikuwa hadi visahani 900,000 kwa mwezi. Miezi miwili baadaye, Desemba 2025, Micron ikatangaza kwamba inafunga biashara ya Crucial, jina ambalo lilikuwa likiuzia watu wa kawaida RAM tangu miaka ya tisini, na kwamba ingeendelea kusambaza bidhaa hizo hadi mwisho wa Februari 2026 tu.

Ujumbe uko wazi. Mwenye kiwanda ameona mnunuzi wa jumla mwenye magunia ya pesa, na mimi na wewe tunaonunua kijiti kimoja kimoja tumewekwa nyuma ya foleni.

Hata wanaotumia DDR4, ambayo ni ya kizazi cha nyuma, hawakuponea. Kampuni hizo kubwa zilianza kuipunguza mwaka wa 2025 ili zipate nafasi ya bidhaa zenye faida zaidi. Ilipopungua sokoni, bei yake nayo ikapanda.

Kasi inayolipiwa bure

Hapa ndipo vijana wengi wanapoteza pesa. Mtu anaenda dukani na pesa za 16GB, muuzaji anamwonyesha kijiti chenye taa za rangi na namba kubwa. Mazungumzo huwa kama haya:

“Boss, hii ni ya gemu, iko na taa. Ni 3600.”

“Sawa mkubwa, lakini CL yake ni ngapi?”

Kimya.

Swali hilo la pili ndilo lenye maana. Namba kama 3200 au 3600 huonyesha ni mara milioni ngapi kwa sekunde kumbukumbu inaweza kuhamisha data. CL huonyesha inasubiri mizunguko mingapi kabla ya kuanza kujibu. Moja bila nyingine ni sawa na kusifu matatu kwa mbio zake bila kuuliza inakaa stejini kwa muda gani.

Hesabu yake si ngumu. Chukua CL, zidisha kwa 2000, kisha gawanya kwa ile namba ya kasi. Jibu ni muda wa kusubiri kwa nanosekunde. RAM ya 3200 yenye CL16 inakupa 10. RAM ya 3600 yenye CL18 inakupa 10 vilevile. Lakini 3200 yenye CL22, ambayo ndiyo ya kawaida isiyo na madoido, inakupa 13.75. Na 2666 yenye CL19 inakupa 14.25.

Tazama hapo. Mbili za kwanza zinaanza kujibu kwa wakati mmoja. Iwapo ile ya 3600 CL18 inauzwa ghali zaidi kwa kiasi cha kuumiza, huna sababu ya kuikimbilia. Na vijiti viwili vyenye namba ileile ya 3200 vinaweza kutofautiana sana, kimoja CL16 na kingine CL22. Ukiuliza 3200 tu bila kutaja CL, utauziwa chochote.

Jambo la pili ni idadi ya vijiti. Kijiti kimoja cha 3200 hupitisha hadi 25.6GB kwa sekunde. Vijiti viwili vilivyowekwa katika chaneli mbili hupitisha 51.2GB. Sasa linganisha na ovakloki: Ukikisukuma kijiti kimoja kutoka 3200 hadi 3600, unapata 28.8GB. Yaani nyongeza ya asilimia 12.5 dhidi ya nyongeza ya asilimia 100. Kama unataka 16GB, nunua mbili za 8GB badala ya moja ya 16GB, mradi mashine yako ina nafasi mbili na bei hazipishani sana.

Anayenufaika zaidi na hili ni yule asiye na kadi ya grafiki. Prosesa kama Ryzen 5 5600G huchora picha za gemu kwa kutumia RAM hiyohiyo ya tarakilishi. Ukiipa kijiti kimoja, unaifunga miguu kabla ya mbio.

Kwa hivyo mpangilio wa matumizi uwe huu: Kwanza ukubwa, pili vijiti viwili, tatu kasi. Mtu mwenye 8GB anayehariri video huku amefungua kurasa ishirini za intaneti hahitaji ovakloki. Mashine yake inakwama kwa sababu kumbukumbu imejaa na sasa inatumia diski, ambayo ni polepole mno. Hakuna mipangilio ya BIOS itakayogeuza 8GB kuwa 16GB.

Mashine yako inakubali?

Kabla ya kutoa hata shilingi, jua una mashine gani. Wengi wetu tunatumia tarakilishi zilizotoka maofisini ng'ambo, zile tunazoziita ex-UK: HP EliteDesk, Dell OptiPlex, Lenovo ThinkCentre. Ni mashine imara na za bei nafuu. Lakini zilitengenezewa makarani, si wachezaji wa gemu. BIOS yake kwa kawaida haina sehemu ya kuongeza kasi ya RAM.

Chukua mfano wa mashine yenye prosesa ya Intel i5-8500. Prosesa hiyo inakubali DDR4 hadi 2666. Ukiitilia RAM ya 3600 yenye taa za kila rangi, itashuka na kutembea kwa 2666 au hata chini ya hapo. Ya zamani zaidi, i5-6500, hufika 2133 tu. Pesa ulizoongeza kwa ajili ya kasi zimeenda na maji.

Kwa mwenye mashine kama hiyo, ushauri ni mwepesi. Tafuta kijiti cha kawaida, hata kilichotumika, kinachofanana na ulicho nacho, ujaze nafasi ya pili. Kikibaki kitu mfukoni, weka SSD kama bado unatumia diski ya kuzunguka. Hutahitaji ovakloki, na hakuna aibu katika hilo.

Kwa aliyejiundia tarakilishi, mambo hutegemea mazabodi. Upande wa Intel, mazabodi za H510 na H610 haziruhusu kuongeza kasi ya RAM kupita kiwango cha prosesa, lakini B560 na B660 zinaruhusu. Upande wa AMD, B450 na B550 zinaruhusu bila shida, na ndiyo maana vijana wengi wenye pesa kidogo bado wanashikilia Ryzen za soketi ya AM4.

Pia chunguza aina. DDR3, DDR4 na DDR5 haziingiliani. Mkato wa chini hauko mahali pamoja. Baadhi ya mazabodi za Intel za kizazi cha 12 na 13 zipo za DDR4 na nyingine za DDR5 zikiwa na jina karibu sawa. Soma kibandiko, usikisie.

Kusukuma bila kuunguza

Tuseme sasa una mazabodi inayokubali, na vijiti viwili vya DDR4 vya 3200 CL16. Hatua ya kwanza hata si ovakloki kwa maana ya ufundi. Ni kuingia BIOS na kuwasha XMP. Katika baadhi ya mazabodi za AMD utaiona kwa jina la DOCP, na kwa DDR5 za AMD inaitwa EXPO. Bila kuiwasha, RAM uliyoilipia kama 3200 huenda ikawa inatembea kwa 2133, 2400 au 2666. Kuna watu wamekaa miaka miwili hivyo, wakilaumu gemu.

Hatua ya pili ndiyo ya kusukuma. Panda ngazi kwa ngazi: 3333, kisha 3466, kisha 3600. Unapopanda, legeza namba za kusubiri, mathalani kutoka CL16 hadi CL18, kisha uzikaze kidogo kidogo mashine ikitulia. RAM nyingi za XMP za DDR4 hutumia volti 1.35, wakati za kawaida hutumia 1.2. Kwa ovakloki ya kiasi hakuna haja ya kupita 1.4.

Kwa Ryzen za mfululizo wa 5000, kikomo cha maana kiko kati ya 3600 na 3800. Ndani ya prosesa kuna njia inayotembea sambamba na RAM. Ukizidisha, ulinganifu huo hukatika na unaweza kupata mashine iliyo polepole kuliko ulipoanzia. Kwa hivyo anayekuuzia RAM ya 4400 kwa ajili ya Ryzen 5 5600 anakuuzia namba tu.

Wenye DDR5 na Ryzen za soketi ya AM5, mahali pazuri ni 6000 CL30. Ukipiga ile hesabu yetu, inatoa 10 vilevile. Lakini kwa bei za sasa, anayeanza upya kwa pesa kidogo afikirie mara mbili kabla ya kuingia huko. Na akiingia, asinunue vijiti vinne. Kwa Ryzen 7000, kiwango rasmi cha vijiti vinne hushuka hadi 3600.

Sasa sikiliza hili kwa makini. Ovakloki mbaya ya RAM si lazima izime mashine. Mara nyingine mashine inawaka, gemu linacheza, lakini kila baada ya muda herufi moja ya data inaandikwa visivyo. Faili ya video ya mteja inaharibika kimyakimya. Unaigundua siku ya kukabidhi kazi, Jumamosi asubuhi, bibi harusi akipiga simu. Kasi uliyopata haikulipi hasara hiyo.

Kwa hivyo pima. MemTest86 ni programu ya bure unayoiweka kwenye flashi na kuiwasha kabla ya Windows. Iache imalize mizunguko yote minne, hata kama ni usiku kucha. Kosa moja tu ni kosa. Rudi nyuma ngazi moja. Kumbuka pia kwamba joto huongeza makosa. Mashine iliyofaulu mtihani Limuru mwezi wa Julai inaweza kushindwa Mombasa mwezi wa Februari. Pima katika joto unalofanyia kazi. Na kabla ya kugusa chochote, hifadhi nakala za kazi zako mahali pengine.

Mashine ikikataa kuwaka, usikimbilie kwa fundi ukitetemeka. Chomoa waya wa stima, toa ile betri ndogo ya mviringo kwenye mazabodi, ngoja dakika chache, irudishe. BIOS itasahau ulichofanya na kurudi mwanzo.

Mitego ya sokoni

Bei ikipanda, ulaghai nao hupanda. Ukiona RAM ya 32GB kwa bei ya kutupa, uliza kama ni ya seva. RAM za seva za aina ya RDIMM hufanana na za kawaida machoni, lakini hazifanyi kazi katika tarakilishi ya nyumbani. Muuzaji akijibu, “Jaribu tu, itaingia,” weka pesa zako mfukoni.

Usiamini stika. Omba kijiti kiwekwe kwenye mashine pale pale dukani, kisha fungua CPU-Z, programu nyingine ya bure. Sehemu inayoitwa SPD itakuonyesha aliyeitengeneza, ukubwa, namba ya bidhaa na kasi. Namba hiyo ikitofautiana na ya kwenye stika, kuna kitu. Na kabla ya kutuma M-Pesa, kubaliana kuhusu siku za kurudisha na upewe risiti. RAM nzuri haina haraka ya kukukimbia.

Ukinunua vijiti viwili kwa nia ya ovakloki, vinunue pamoja kama jozi. Kuchanganya cha zamani na kipya kunawezekana kwa matumizi ya kawaida, ila vyote vitatembea kwa mwendo wa kile cha polepole, na ukijaribu kuvisukuma utapoteza usiku mwingi bure. Kwenye mazabodi yenye nafasi nne, mara nyingi nafasi sahihi za jozi ni ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa.

Ungoje au ununue?

Bei za kumbukumbu zina tabia ya kupanda na kushuka. Zilipanda sana hadi mapema 2018, kisha zikashuka, na waliosubiri wakanunua kwa raha mwaka wa 2019. Lakini viwanda vipya havijengwi kwa mwezi mmoja. Kile ambacho Micron inajenga jimboni Idaho kinatarajiwa kuanza kutoa chipu mwaka wa 2027. Anayengoja bei ishuke wiki ijayo huenda akangoja muda mrefu.

Kwa hivyo, kama mashine yako ndiyo inayokulipia kodi na imekwama kwa sababu ya 8GB, nunua sasa, vijiti vya kawaida, ukubwa kwanza. Kama tayari una 16GB na unatafuta tu fremu chache zaidi kwenye gemu, usitoe pesa. Ingia BIOS leo jioni, angalia kama XMP imewashwa, panda ngazi moja au mbili, na upime. Faida yake ni ya kiasi, lakini haina risiti.

Kampuni kubwa za akili unde zimetutangulia kwenye foleni ya kiwanda, na hilo hatuwezi kulibadilisha tukiwa Luthuli Avenue. Tunachoweza ni kukataa kulipia kasi ambayo mashine zetu haziwezi kuitumia. Ukienda dukani wiki hii, nenda na mambo matatu umeyaandika kwenye simu: jina la mazabodi yako, kasi ya juu ambayo prosesa yako inakubali, na CL unayotaka. Muuzaji akiona unajua, hata bei atakayoanzia itakuwa tofauti.